Klabu ya kupanda mlima kwa wanajeshi wa Mombasa: vile ya kuianzisha, na kwa nini lazima mjifunze kusema "kichwa chaniuma"

Mara yangu ya kwanza kupanda Mlima Kenya nilikuwa bado jeshini, mwanamaji, mwili uko sawa, nakimbia kila asubuhi na kuogelea kuliko wengi pale kambini, na nilifika kambi ya Shipton kwenye mita 4,200 hivi mbele ya wenzangu wote. Usiku kichwa kikaanza kunigonga. Nikanyamaza. Chakula kikanishinda nikasema sina njaa, nikakohoa nikasema ni vumbi la njiani, kwa sababu kwenye kundi lile mimi ndiye niliyekuwa na cheo kikubwa na nilikuwa nishawaambia vijana kwamba saa tisa usiku twatoka kwenda kilele cha Lenana na hakuna wa kubaki. Aliyeniokoa ni koplo mmoja, mdogo kwangu kwa umri na kwa cheo, aliamka kwenda haja akasikia kifua changu chalia ndani ya hema kama mtu avutaye maji kwa mrija, akaniwashia tochi akaniangalia kucha, zimekuwa buluu. Akasema, "Afande, twashuka sasa hivi." Nikabisha. Akanivisha buti yeye mwenyewe akafunga kamba, akamwamsha mpagazi mmoja tukashuka usiku ule ule kwa tochi, na kulipokucha tuko chini kabisa mimi napumua kama mtu tena.

Tangu siku ile nimepanda na vikundi vingi vya wanajeshi kutoka huku Pwani, walio kazini na waliostaafu, na kila nikiulizwa faida ya mlima kwa askari ni nini nawaambia jambo moja tu, mlima utamlazimisha askari aseme ukweli kuhusu mwili wake na moyo wake mbele ya wenzake, manake akiuficha atakufa. Hakuna mahali kwengine ninapopajua pa kufundishia hilo. Kambini tumefundishwa kuvumilia na ni sawa, kazi yetu yataka mtu mvumilivu, lakini wengi wetu tumerudi kutoka Somalia tumevumilia mpaka tumevunja ndoa zetu, tumevumilia mpaka usingizi umetoroka, na hakuna aliyewahi kutuambia lini tuache kuvumilia tuseme.

Basi hii ni vile ya kuanzisha klabu, ukiwa Mombasa, ukianzia hapa chini kabisa usawa wa bahari. Nitakaa sana kwenye yale mambo ambayo nimeona yakiua safari au kuua mtu, mengine nitapita haraka.

Kwanza, mbona mlima na bahari iko hapa

Hili swali mtaulizwa na kila mtu, kuanzia kamanda wenu hadi mama watoto, kwa hivyo muwe na jibu. Bahari twaipenda na ni kazi yetu, lakini melini kila mtu ana nafasi yake na cheo ndicho kinachofanya meli iende, na ndivyo inavyotakikana. Juu ya mita 3,000 mwili haujui cheo. Kanali atatapika na kuruti atakuwa anaimba, ama kinyume chake, na hakuna awezaye kutabiri.

Na wala si fikra mpya kumtoa baharia majini ukampeleka kwenye vilima. Wakati wa vita vya pili vya dunia meli za Waingereza zilikuwa zazamishwa sana, na ikaonekana kwamba kwenye mashua za kuokolea mabaharia vijana wenye nguvu wafa haraka kuliko wazee, kwa sababu wazee walijua kujizuia na kutegemeana. Ndipo mwaka 1941 mwalimu mmoja, Kurt Hahn, na mwenye meli mmoja, Lawrence Holt, wakafungua shule pale Aberdovey nchini Wales wakaiita Outward Bound, vijana wafunzwe kwa bahari na kwa mlima, na baadaye shule kama hiyo ikafika mpaka huku kwetu Loitokitok chini ya Kilimanjaro. Jeshi la Uingereza nalo lina chama chake cha wapanda milima tangu 1957. Mwaka 1976 chama hicho kilipeleka watu Everest, askari wawili, Bronco Lane na Brummie Stokes, wakafika kileleni, lakini wakati wa kushuka giza likawakuta wakalala nje kwenye barafu, na wale wawili waliokuwa wakipanda nyuma yao ili nao wapate zamu yao ya kilele waliwakuta asubuhi wakaacha kilele chao wakawashusha. Walipoteza vidole kwa baridi lakini walirudi nyumbani. Hiyo ndiyo klabu, hao wawili wa nyuma.

Hata huku kwetu, kilele cha Kilimanjaro kuitwa Uhuru kuna askari ndani yake, Luteni Alexander Nyirenda ndiye aliyepandisha mwenge na bendera ya Tanganyika usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Miaka miwili baadaye, Desemba 1963, Kisoi Munyao akapandisha ya Kenya pale Lenana. Yeye hakuwa askari lakini kila mwanajeshi wa Kenya anayefika pale na bendera mkononi afaa alijue jina lake.

Ruhusa na watu

Usianze na mlima, anza na ruhusa. Mwanajeshi aliye kazini si mtu wa kupanga safari ya siku nane na marafiki halafu aseme nitaeleza nikirudi. Andikeni barua, ipitie kwa wakubwa wenu kwa njia inayofaa, museme wazi mwataka kufanya nini, wapi, tarehe gani na nani atakuwa msimamizi, na likizo ya kila mtu iwe imeandikwa kabla ya mtu kulipa hata shilingi. Kwenda mnaenda kama raia, nguo za kiraia, silaha hakuna, kombati hakuna, na picha zikipigwa isionekane mtu atoka kikosi gani wala mwenzenu yuko wapi sasa hivi. Nimeona safari nzima ikifutwa jioni ya kuondoka kwa sababu mmoja alijaza fomu vibaya. Watu walilia siku ile na hela zilikuwa zishalipwa.

Kuhusu watu, anzeni wachache. Watu sita mpaka wanane watosha safari ya kwanza. Na tafadhalini msichukue wale wenye misuli peke yao, chukueni na yule mkimya ambaye siku hizi haji tena kucheza mpira, chukueni mstaafu mmoja au wawili manake mstaafu wa jeshi ni mtu anayeamka asubuhi hana gwaride wala simu inayomtafuta, na dada zetu walio jeshini wasiitwe kama wageni bali wawe kwenye kupanga tangu siku ya kwanza. Mkifika 10 na mkiona mwataka akaunti ya benki na mambo rasmi, sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 yawaruhusu kujiandikisha, lakini walio kazini waulize wakubwa wao kwanza kabla ya kutia jina kwenye kikundi chochote kilichoandikishwa. Kama hamna hata mmoja aliyewahi kupanda, tafuteni wa kuwafunza, Nairobi kuna klabu ya milima ya Kenya ambayo ni ya zamani sana, iko tangu enzi za ukoloni, na wanachama wake wameshika kamba kuliko sisi sote.

Pesa ifanyeni kama chama. Kila mwisho wa mwezi kila mtu atuma kiasi kile kile kwa M-Pesa kwa mweka hazina, miezi sita au minane, na mweka hazina asiwe mwenye cheo kikubwa, awe mtu ambaye mwaweza kumuuliza hesabu bila kuogopa. Kiingilio cha mbuga hulipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, na hubadilika, kwa hivyo angalieni bei ya wakati huo wenyewe msitegemee ya mtu aliyeenda juzi.

Daktari kabla ya buti

Hapa naomba msome polepole, haya ni mambo ya watu wa Pwani hasa na sijaona wakiambiwa vya kutosha.

Seli mundu (sickle cell). Ukanda wetu wa pwani una watu wengi wanaobeba chembe ya seli mundu bila kuugua, yaani mtu ni mzima kabisa, amepita mafunzo yote, hana habari. Chini huku haimsumbui lakini kwenye mwinuko mkubwa ambako oksijeni ni kidogo yaweza kumletea maumivu makali ya ubavu wa kushoto, bandama inakosa damu, na hiyo ni dharura. Kipimo chake ni cha damu tu. Kila mwanachama apime kabla ya safari ya kwanza, na akiwa anabeba aongee na daktari, asiamue yeye wala asiamuliwe na kikundi.

Wapigambizi. Wako wengi kwetu, wa jeshi na wa kazi za binafsi. Mtu akitoka kupiga mbizi mwili wake bado una naitrojeni, akipanda juu mapema hiyo naitrojeni yafanya mapovu kwenye damu na viungo. Watu hufikiri ni ndege pekee, hapana, hata basi la usiku kwenda Nairobi ni kupanda, Nairobi iko kama mita 1,700. Angalau saa 24 baada ya mbizi ya mwisho kabla ya kuanza safari, na kama ilikuwa mbizi ya kina au ya kurudia rudia ongezeni. Sisi kwenye klabu yetu twasema siku tatu na hatubishani.

Wenye presha, kisukari, pumu, dada mwenye mimba, waongee na daktari. Kuna dawa ya Diamox ambayo husaidia mwili kuzoea mwinuko, ni ya kuandikiwa na daktari, wenye mzio wa dawa za salfa hasa waseme mapema. Dawa za maumivu za kumeza ili ufiche kichwa uendelee kupanda, hizo mimi sizitaki kwenye safari yangu kabisa.

Mazoezi ya mtu wa usawa wa bahari

Mombasa haina mlima lakini ina ngazi, mchanga na joto. Tafuteni jengo la ghorofa nyingi ambalo mlinzi atawakubalia, pandeni ngazi na begi la kilo 10 halafu 15, na kushuka pia mushuke kwa mguu msitumie lifti, manake kushuka ndiko kunakovunja magoti ya watu. Ule mteremko wa feri pale Likoni asubuhi na mapema kabla watu hawajajaa ni mzuri sana wa kupanda na kushuka. Mchanga wa Nyali na Bamburi wakati maji yametoka, tembeeni sehemu laini saa mbili bila kusimama. Miezi mitatu, mara nne kwa wiki, na msikimbie kushindana, mazoezi ya mlima ni ya kutembea muda mrefu hali mwaweza kuongea. Ukiwa huwezi kuongea umeenda mbio.

Halafu vilima. Mwezi wa kwanza nendeni Shimba Hills, kuna ile njia ya kuteremka na askari wa mbuga mpaka maporomoko ya Sheldrick, mita 21, si mbali lakini kurudi juu na jua la saa sita kutawaonyesha nani hajanywa maji. Mwezi wa pili Kasigau. Hapa ndipo napapenda kuliko pote kwa kikundi kipya, ni mita 1,641, unakata kona Maungu kwenye barabara kuu unaingia mpaka Rukanga au kijiji kingine pale chini, unachukua mwenyeji akuongoze kwa sababu uwandani kuna ndovu na juu msitu una ukungu watu hupotea. Unaanza kwenye miiba na joto la Tsavo unaishia kwenye msitu baridi wenye kuvu, siku moja. Na kwa mwanajeshi pale pana maana, Desemba 1915 Wajerumani walikiteka Kasigau kutoka kwa Waingereza, na Februari 1916 ikaja vita ya Salaita upande wa Taveta, na waliobeba mizigo ya vita hivyo vyote ni babu zetu wa kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, wengi hawakurudi. Sisi tukifika juu hukaa kimya dakika chache kwa ajili yao. Mzee mmoja wa pale alitusimulia vile watu wa Kasigau walivyohamishwa na serikali ya kikoloni wakati wa vita ile wakapelekwa mpaka Malindi wakidhaniwa wamewasaidia Wajerumani, alisimulia kama kitu cha jana, na vijana wetu ambao walikuwa wakipiga kelele njia nzima walinyamaza.

Mwezi wa tatu Taita, mlale Wundanyi mpande Vuria, zaidi ya mita 2,200. Hapo mtaonja baridi. Mtu wa Mombasa ambaye hajawahi kulala kwenye baridi asilale mara ya kwanza Mlima Kenya.

Nguo na chakula, haraka

Nguo nendeni Kongowea kwa mitumba. Huku hakuna anayetaka jaketi zito kwa hivyo mwaweza kupata vizuri kwa bei nafuu, sweta za sufi, boshori, glavu, suruali isiyoshika maji. Msipande na jinzi, pamba ikilowa haikauki na itawaua kwa baridi. Buti ya jeshi yawezekana kama ishauzoea mguu na haivuji. Hema na begi la kulalia kodisheni Nanyuki au Nairobi, na mjaribu zipu kabla ya kutoka dukani. Tochi ya kichwani kila mtu yake na betri za akiba, kila mtu, si wawili wawili.

Chakula, maji juu kule huchemka kabla hayajawa moto sawasawa, kama nyuzi 86 hivi pale Shipton, kwa hivyo maharagwe na mbaazi mtachemsha mpaka gesi iishe na zitabaki ngumu. Bebeni vitu vyepesi kuiva, tambi, uji, viazi, supu. Na vya kutia mfukoni, kashata, tende, halua kidogo, tangawizi ya kutia kwenye chai. Mtu aliyepoteza hamu ya kula kwenye mwinuko atakataa wali lakini tende moja ataikubali. Maji lita 3 mpaka 4 kwa siku.

Kikao cha jioni

Hii ndiyo sehemu ambayo ukiiacha umeanzisha kikundi cha matembezi tu, kwa hivyo nitaieleza kwa urefu.

Kila jioni mlimani, kabla ya chakula, mwakaa duara. Kila mtu asema mambo matatu kwa sauti: kichwa chake kiko vipi, amekula na kunywa nini leo, na kuna nini kinachomsumbua. Anaanza mdogo kwa cheo anamalizia mkubwa. Msigeuze huo mpango hata siku moja, mkubwa akianza akasema "mimi niko fiti" basi wote mpaka mwisho watakuwa fiti, nishaona. Na mkubwa anapofika zamu yake lazima aseme kitu cha kweli. Mimi husema magoti yangu yanauma, kwa sababu yanauma.

Siku ya kwanza watacheka. Ya pili watasema maneno mafupi. Ya tatu pale juu kwenye upepo, watu wamechoka, hakuna simu inayoshika, mtu mmoja atasema jambo ambalo si la kichwa wala tumbo. Sikiliza, usimpe ushauri, usimwambie "sisi sote tumepitia", usirudie neno lake kambini. Kikao kile kina sheria moja, linalosemwa hapo lakaa hapo, isipokuwa mtu amesema ataka kujidhuru, hapo hakuna siri, mwashuka naye na mwampeleka kwa daktari au mshauri na mwabaki naye. Mlima si hospitali na kikao si tiba, ila kimefungua mlango kwa watu ambao walikuwa hawajawahi kusema hata nusu.

Upande wa mwili ni huu. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, huo ni ugonjwa wa mwinuko umeanza na dawa yake ni kutopanda zaidi. Mwabaki palepale mpaka uishe, usipoisha mwashuka. Kuna dalili mbaya mbili ambazo hazingoji asubuhi. Moja ni pumzi kukata hata mtu amekaa, kikohozi, kifua kulia, midomo na kucha kuwa buluu, hiyo ni maji kwenye mapafu na ndiyo iliyonipata mimi. Ya pili ni mtu kuyumba kama mlevi, kuongea ovyo, kutaka kulala tu, hiyo ni ubongo umeanza kuvimba. Mpimeni kwa kumtembeza mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole, akishindwa mwashuka saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na haendi peke yake. Na jueni kwamba nguvu za mwili hazikingi. Kijana mwenye mapafu ya chuma hupatwa haraka kwa sababu ndiye aweza kupanda mbio, wale wanyonge hupanda taratibu bila kutaka na mwili wapata nafasi ya kuzoea. Mwenda pole hajikwai, kule ni kweli neno kwa neno.

Sheria ya mwisho ya kikao, yeyote aweza kusema "tunarudi" na hakuna anayeuliza cheo chake. Januari 1943 wafungwa watatu wa kivita wa Kitaliano walitoroka kambi ya Waingereza Nanyuki si kwa kukimbia vita ila kupanda Mlima Kenya tu, na vifaa vya kujitengenezea, na mmoja wao alikuwa mgonjwa akabaki kambini kwao mlimani, wawili wakafika Lenana, kisha wote watatu wakarudi kambini wakajisalimisha. Huyo aliyebaki nyuma nawasimulia vijana kila safari. Alitoroka pamoja nao, alibeba mzigo pamoja nao, na kubaki kwake hakukumtoa kwenye ile safari.

Safari yenyewe

Kwa watu wanaotoka mita sifuri, njia ya Sirimon ndiyo naipendekeza kuliko Naro Moru, ile ya Naro Moru ina kinamasi kinachochosha na huwa watu waifanya haraka sana. Kanuni ni kwamba ukishapita mita 3,000 pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila siku tatu au nne mpumzike. Kwa hivyo lala Nanyuki usiku mbili, siku ya kati mtembee kidogo. Kisha lango la Sirimon lililo mita 2,650, pandeni mpaka Old Moses, mita 3,300, mlale hapo usiku mbili, mchana wa pili mpande juu kidogo mrudi kulala palepale. Halafu mlale Liki North njiani, karibu mita 4,000, hapo mwazidisha zile mita 500 na ndiyo sababu ya ule usiku wa pili Old Moses, wengi hupita moja kwa moja mpaka Shipton na nimeshasema yaliyonipata. Kisha Shipton usiku mbili. Siku ya kwenda Lenana, mita 4,985, mwatoka saa tisa au saa kumi usiku mfike na jua, na kukiwa wazi mtaiona Kilimanjaro kusini. Batian na Nelion, vile vilele viwili vya juu zaidi, ni za kamba na za watu waliofunzwa, miaka miwili mitatu ya klabu kwanza.

Chukueni mwongozaji na wapagazi wenye vibali vya mbuga. Muwalipe vizuri na mle nao chakula kimoja. Mpagazi ndiye aliyeijua njia usiku ule nilioshushwa.

Muda, sisi wa Pwani tuna kalenda yetu, kaskazi ikivuma Januari na Februari mlima nao huwa mkavu, ndio wakati mzuri. Siku hizi Ramadhani yaangukia karibu na hapo kwa hivyo angalieni mwezi, mtu asifunge huku apanda, na ikigongana sogezeni mpaka Agosti au Septemba. Swala zina nafasi yake kwenye ratiba ya kila siku, na Jumapili vilevile kwa wenzetu Wakristo.

Mkirudi

Kosa tulilofanya miaka ya mwanzo ni kurudi na picha kisha kila mtu kwake. Klabu iendelee hapa chini. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mkutane, sisi hukutana Mama Ngina pale ufukweni jioni, mihogo ya kukaanga na kahawa, na lile duara lifanyike vilevile, mdogo kwanza. Waleteni na mabibi na mabwana na watoto, kwa sababu mke wa askari ndiye aliyekuwa amemsubiri miaka yote hiyo na yeye pia ana la kusema. Dada mmoja aliniambia baada ya mumewe kutoka Kasigau mara ya pili, jioni alikaa jikoni akamwambia "leo sikulala vizuri, niliota yale mambo." Miaka kumi ya ndoa ilikuwa mara ya kwanza.

Kisha kuna yule aliyeshuka katikati, ambaye hakufika Lenana. Atakuwa amejificha. Hatajibu kwenye kundi la WhatsApp, picha za kilele zitamchoma. Wiki ile ile ya kurudi kiongozi wa safari ampigie simu, asimwandikie, ampigie, amwambie tarehe ya mazoezi yanayofuata na ampe kazi, awe ndiye wa kupanga Shimba Hills au wa kuangalia vifaa vya dawa. Yule koplo alinipigia mimi siku ya tatu. Aliniuliza kifua kiko vipi, halafu akaniuliza Jumamosi nakuja kwenye ngazi saa ngapi.